Mashine inazima katikati ya gemu: pawa saplai mpya, iliyotumika, au kipozeo cha maji?

Kisu_Butu:
Wakuu habari za muda huu. Kompyuta yangu ya mezani inazima ghafla nikiwa kwenye gemu. Haigandi, haileti skrini ya bluu, giza tu. Nikiandika au nikiangalia video inakaa siku nzima bila tatizo. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja: pawa saplai (kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) mpya ya wati 650 yenye nembo ya Gold, ya wati 850 iliyotumika, au kipozeo cha maji cha prosesa. Mngekuwa nyie mngechukua ipi? Nataka kuagiza wikiendi hii.

mama_wa_RAM:
Prosesa gani? Kadi ya picha gani? Pawa saplai ya sasa ni ya wati ngapi, ina umri gani? Joto likoje inapozima? Unaomba dawa hujasema unaumwa wapi.

NodiKumi:
Beba 850 mkuu, usiulize mara mbili. Wati zikizidi hazimdhuru mtu.

mama_wa_RAM:
@NodiKumi iliyotumika wapi? Kama ilikuwa inachimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, hiyo 850 ni ya kwenye kibandiko tu.

Kisu_Butu:
Samahani dada. Prosesa ni Ryzen 5 5600X, na kadi ni RTX 3070 niliyoiweka juzijuzi. Pawa saplai ilikuja na kava, ya zamani kidogo, imeandikwa 600W. Joto sijapima ila kava juu linachoma mkono.

Spana10:
Kugusa kava si kupima. Weka HWiNFO, programu ya kupima joto na umeme, iambie irekodi kwenye faili, cheza mpaka izime, halafu soma mistari ya mwisho. Kikomo cha 5600X ni nyuzi 95, na ikikaribia hapo inapunguza kasi kwanza, ungeona gemu linakwamakwama. Kuzima kwa mpigo bila dalili, mimi naanza na umeme. Na ile taarifa ya Kernel-Power 41 utakayoikuta kwenye kumbukumbu za Windows isikutishe. Inasema tu mashine ilizimika bila kuaga, haisemi nani kaizima.

Sasa hiyo 600W. Achana na herufi kubwa, soma kibandiko mstari wa +12V, zidisha ampea kwa 12. Kadi na prosesa zinakula hapo. Zipo zinazojiita 600 na mstari huo haufiki hata 400. RTX 3070 imepangiwa wati 220, lakini ndani ya milisekunde inaruka mbali zaidi, na ulinzi wa pawa saplai ukiuona mruko huo unakata. Nvidia wenyewe wanapendekeza 650.

Pesti_Nyeupe:
Mimi bado nasema maji. Tangu niweke, mashine haisikiki kabisa. Watu mnadharau joto.

Spana10:
Kimya ni kitu kingine, kaka. 5600X kwa mipangilio ya kawaida haipiti wati 76. Feni moja nzuri inamtosha.

Tundu_la_Skrubu:
Ukibadilisha pawa saplai, badilisha na waya zake ZOTE. Mimi nilipeleka yangu kwa fundi aniwekee mpya, zile ambazo waya zinachomoka. Waya za zamani zilikuwa zimefungwa vizuri nyuma ya madabodi, kaona kazi ya nini kuzitoa, akachomeka ncha zake kwenye pawa saplai mpya. Zikaingia bila shida, maana tundu zinafanana. Upande wa diski umbo ni moja dunia nzima, ila upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka. Alipowasha, feni zilizunguka nusu raundi, harufu ikatoka. Diski mbili kwisha, picha zote za ndugu zangu zilikuwa humo. Fundi ananiambia eti pawa saplai ni mbovu! Tumeichomeka kwingine na waya zake yenyewe, ikawaka vizuri kabisa. Hiyo ya kutumika muulize jamaa kama ina waya zake halisi. Hana, kimbia.

NodiKumi:
Pole sana mkuu. Lakini hapo 850 ina kosa gani?

Pesti_Nyeupe:
Angalau mpya ni Gold, ina ubora.

mama_wa_RAM:
Gold si ubora. Inapima umeme unaopotea kwa joto, basi. Haisemi kitu kuhusu ulinzi wala kapasita za ndani.

Kisu, kabla ya kutoa hata senti: fungua Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70, cheza. Isipozima, huenda tatizo liko kwenye umeme. Na kadi yako ipe waya mbili tofauti kutoka pawa saplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili.

Kisu_Butu:
Nimeshusha, nimecheza jana usiku, haijazima. Ila ile UPS, betri ya akiba ninayochomekea mashine, imelia mara kadhaa.

Spana10:
UPS??

mama_wa_RAM:
Una UPS na hukusema. VA ngapi?

Kisu_Butu:
650. Na skrini iko humo humo.

Spana10:
VA 650 si wati 650. Nyingi za saizi hiyo hazifiki wati 400. Weka kadi, prosesa, skrini na vidogovidogo vyote, inalemewa. Ikizima tena tazama kale ka-taa ka skrini pale chini: kakiwaka rangi ya chungwa, skrini ina umeme, mashine pekee imekata. Kakizimika kabisa, UPS ndiyo imekata.

NodiKumi:
UPS ni mzigo. Mimi natumia stabilaiza ya kusawazisha umeme miaka yote.

Tundu_la_Skrubu:
Stabilaiza na umeme ukikatika gemu lako linajihifadhi lenyewe?

NodiKumi:
Umeme ukikatika nalala.

Kisu_Butu:
Kwa hiyo 850 niache? Jamaa anasema kuna mteja mwingine anaitaka.

mama_wa_RAM:
Chomeka ukutani kwanza, rudisha kadi asilimia 100, utuletee majibu.

Fyuzi:
Wakuu samahani kuingilia, laptopu yangu nayo inazima nikichomoa chaji, hiyo ni betri au?