Mafuta yalikuwamo, mwenye sheli akasema yamekwisha, kisha akatuambia tukatweke tanga

Mvuvi wa Sahare aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Nimetoka sheli sasa hivi, mikono bado inanuka petroli na moyo bado unawaka, na siwezi kulala kabla sijaandika. Usiku wa kuamkia leo nimetukanwa mbele ya umati, na aliyenitukana mnamfahamu nyote, kwa kuwa hakuna mwenye chombo cha moto katika mji huu wa Tanga ambaye hajawahi kusimama mbele ya pampu zake. Jina lake silitaji. Anajijua, nanyi mnamjua.

Jana Jumanne nilifika pale baada ya swala ya alasiri nikiwa na madumu yangu manne. Sote tunajua kwamba EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na kwamba bei hizo huanza kutumika saa 6:01 usiku. Na tangu Jumatatu habari za kupanda zilikuwa zimeenea mpaka kwa wauza mihogo wa Deep Sea. Nikamkuta mhudumu ameshazizungushia pampu kamba. Akaniambia mafuta yamekwisha. Nyuma yangu zikaja bodaboda, bajaji, daladala na magari ya watu binafsi, foleni ikarefuka kiasi kwamba ningeambiwa mkia wake umefika Horohoro nisingebisha. Kila aliyekuja akaambiwa mafuta yamekwisha. Tukakaa.

Saa sita usiku ilipopita kwa dakika chache, taa za sheli zikawaka na kamba ikafunguliwa. Pampu ileile iliyokuwa kavu tangu alasiri ikaanza kumwaga petroli kama chemchemi, kwa bei mpya. Hakuna gari la mafuta lililoingia, wakuu. Lango ni moja, na mimi nilikuwa nimeketi juu ya dumu langu langoni hapo. Gari hilo lingelazimika kupita juu ya miguu yangu. Mafuta yalikuwamo tangini, chini ya nyayo zetu, muda wote tuliokuwa tukipigwa na mbu.

Mwenye sheli mwenyewe alikuwapo. Nikamuuliza kwa adabu, maana umri wake ni wa mwanangu wa pili: "Kijana, haya mafuta yametoka wapi?" Hakuniamkia. Alinitazama, akayatazama madumu yangu, akapaza sauti ili foleni nzima isikie: "Mzee, babu yako alivua kwa tanga, na mji wenyewe unaitwa Tanga. Bei ikikushinda, nenda katweke."

Watu wakacheka. Wale niliokaa nao tangu alasiri, niliowagawia maji yangu ya kunywa, nao wakacheka.

Nenda katweke! Mimi kutweka najua. Nilimshikia babu huyo jarari, kamba ya kupandishia tanga, kabla sijaanza shule, na foromali ya ngalawa yake, ule mti unaobeba tanga, nimeibeba begani mara nyingi kuliko huyu bwana alivyobeba kitu chochote maishani mwake. Lakini babu alitoka na upepo wa umande alfajiri na kurudi na upepo wa mchana kwa sababu samaki walikuwa karibu. Miaka mingi ya uvuvi wa baruti imeyavunja matumbawe ya karibu, na kusini mwa mji tangu mwaka 2009 kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yule samaki adimu wa kale, yenye taratibu zake za uvuvi, ambazo mimi siombi ziondolewe. Kwa hiyo samaki tunawafuata mbali, usiku, na jua linapochomoza wanatakiwa wawe mnadani juu ya barafu. Ukingoja upepo utafika adhuhuri, mzigo umeshalegea, na mnunuzi atakutajia bei ya kitoweo cha paka.

Boti yetu hula lita 40 kwa usiku mmoja. Kila shilingi 100 inayoongezeka kwenye lita ni shilingi 4,000 kwa safari, na kwa usiku 20 wa giza la mwezi ni shilingi 80,000. Fedha hizo hazitoki mfukoni mwa tajiri wa boti. Desturi yetu ni kuondoa kwanza gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya chombo, nyavu na mabaharia. Bei inapopanda, anayekatwa ni kijana anayevuta wavu, ambaye jana usiku hakwenda baharini kabisa kwa sababu mimi nilikuwa langoni mwa mtu nikiambiwa mafuta yamekwisha.

Mimi si mjinga wa mambo haya. Ninafahamu kwamba nchi yetu inaagiza mafuta yote yakiwa yameshasafishwa, kwamba tunayalipia kwa dola, na kwamba juu ya bei ya dunia huja gharama za meli, kodi na tozo. Agosti 2022, miezi michache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, lita ya petroli pale Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410, na hapo Serikali ilikuwa inatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Tulilipa, tukaenda baharini. Hakuna baharia aliyemlaumu mwenye sheli kwa vita vya watu wengine. Lakini petroli aliyotuficha jana aliinunua kwa gharama ya zamani, akaifunga kamba saa kumi alasiri na kuifungua saa sita usiku, na faida ya saa hizo nane aliipata kwa kutudanganya tukiwa tumesimama juu ya tangi. Kisha akaniambia nikatweke tanga.

Ninaomba mliokuwapo mwandike hapa mlichokiona. Ninataka kulipeleka jambo hili mbele, na peke yangu nitaonekana mzee mwenye chuki.

Kijana wa Ngamiani:

Ami, pole. Lakini nimeusoma uzi wako mara mbili na bado sijaelewa kilichokuuma zaidi ni bei au ni kuchekwa. Tanga umelitaja kila baada ya mistari michache. Halafu, kwa nini umesubiri siku ya mwisho? Mimi nilijaza tangi Jumapili, nikalala.

Mvuvi wa Sahare:

Kijana wangu, Jumapili unajaza kwa fedha gani? Mimi ninanunua mafuta kwa fedha ya samaki wa jana. Na kilichoniuma ni vyote viwili, sioni aibu kusema. Mtu akikudhulumu kimya kimya una nafasi ya kujikaza. Akikudhulumu kisha akakutajia babu yako mbele ya watu, amekunyang'anya hata hiyo nafasi.

Dereva wa Kange:

Huyo bwana si mgeni kwetu. Mwaka 2023, wakati mafuta yaliposumbua nchi nzima, mamlaka ilivifungia vituo kadhaa kwa kuficha mafuta, tukadhani wenye tabia hiyo wamejifunza. Lakini mzee, wewe una hesabu ya usiku mmoja. Mimi nauli yangu imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na siwezi kuongeza hata shilingi hamsini asubuhi ya Jumatano, ilhali mafuta yanapanda usiku wa Jumanne. Wewe ukipandishiwa unaweza kumpandishia mnunuzi wa samaki. Mimi nimpandishie nani?

Mvuvi wa Sahare:

Ndugu yangu, mnadani bei hutajwa na mnunuzi, hatutaji sisi. Njoo alfajiri moja uone.

Bodaboda wa Muheza:

Ninyi wa mjini mna sheli za kugombana nazo. Huku vijijini kwetu petroli inauzwa kwenye chupa za maji, juu ya meza, chini ya mwembe. Mwenye meza hajui Jumatano ya kwanza wala ya mwisho. Akisikia redioni kwamba bei imepanda, anapandisha mara mbili, na akisikia imeshuka, anasema huo ni mzigo wa zamani. Kwa jua lile, chupa ikikaa wiki nzima, hata rangi yake inabadilika. Mzee alikaa saa nane akapata petroli safi. Mimi ninapata mara moja, na pikipiki inakohoa mpaka Amani.

Mama wa Chumbageni:

Mimi sina chombo cha moto, lakini bei hii ninailipa kila siku. Ikipanda petroli, dagaa wanapanda, nazi kutoka Pangani inapanda, mchicha unapanda, hata mtu anayeniletea maji kwa toroli anapandisha, na toroli lake linasukumwa kwa mikono. Nilimuuliza toroli linakunywa petroli ya wapi. Akanijibu kwamba yeye naye anakula.

Mwana wa Chongoleani:

Lakini jamani, bomba lile la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, si linaishia kwetu? Likianza kazi mtaendelea kukaa na madumu langoni mwa mtu?

Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu, bomba hilo lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa hapo kwenu Agosti 2017, limejengwa kwa ajili ya mafuta ghafi ya Uganda, mazito kama nta, ambayo lazima yapashwe moto njia nzima ili yasigande. Yakifika Chongoleani yanapakiwa melini na kuuzwa nje. Hayaingii kwenye mashine ya mzee wetu. Ili yaingie, lazima yapite kwanza kwenye kiwanda cha kusafisha, na kiwanda tulichokuwa nacho Dar es Salaam, TIPER, kiliacha kusafisha mafuta ghafi miaka mingi iliyopita, kikabaki kuwa mahali pa kuhifadhia. Tunao ufukwe, tunayo bandari, matangi tunayo, lakini kila tone tunalochoma limesafishwa katika nchi ya mtu mwingine.

Wengine mnadhani taabu hii imeanza juzi. Enzi za Mwalimu Nyerere, nchi ilipokosa fedha za kigeni za kununulia mafuta, magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia mchana. Tulitembea kwa miguu kwenda kuzuru wagonjwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba wakati ule aliyekuambia mafuta hakuna, kweli hakuwa nayo.

Mvuvi wa Sahare:

Mwalimu, shikamoo. Sentensi yako ya mwisho ndiyo niliyokuwa ninaitafuta usiku kucha. Angeniambia hakuna, na kweli iwe hakuna, ningeinua madumu yangu nikaondoka bila neno. Mafuta yalikuwamo.

Mkaazi wa Bagamoyo:

Poleni watu wa Tanga. Huku kwetu Bagamoyo wavuvi nao wanalia, lakini mimi nina shida nyingine. Nilitaka kugeuza gari langu litumie gesi asilia, kwa sababu gesi ya Songo Songo ni yetu wenyewe na haingoji meli. Nimeambiwa gharama ya mtungi na kufungiwa, nikakaa chini. Na hata nikifunga, nikitaka kwenda Tanga kumtembelea shemeji yangu nitajaza wapi njiani? Kila siku tunaambiwa tuache kutegemea mafuta, na anayetaka kuacha anaachwa njia panda.

Fundi wa Pampu:

Nimewahi kufanya kazi kwenye vituo, kwa hiyo niseme jambo ambalo mzee hakulisema. Hao wenye madumu ndio wasumbufu wa kwanza. Dumu la lita 20 ukilijaza mpaka shingoni linachukua zaidi ya lita 20, pampu inasoma sawasawa, kisha mteja anapiga kelele kwamba ameibiwa. Pampu zinakaguliwa na Wakala wa Vipimo na zinapigwa lakiri. Tena petroli kwenye dumu la plastiki ni hatari ya moto. Mngekuwa mnaleta vyombo vyenu kama watu wengine.

Dereva wa Kange:

Fundi, alete boti sheli? Aipitishe barabara ya ngapi?

Fundi wa Pampu:

Simaanishi hivyo. Ninasema habari ya vipimo.

Bodaboda wa Muheza:

Habari ya vipimo tuizungumze, maana hapo ndipo wizi ulipo. Chupa ya lita moja na nusu inauzwa kama lita moja na nusu, lakini haijazwi mpaka mdomoni. Kile kidole kimoja cha juu ni cha nani?

Mama wa Chumbageni:

Hata mafuta ya kula ni vivyo hivyo. Kipimo cha dukani kimebonyezwa kitako.

Mvuvi wa Sahare:

Ndugu zangu, ninawasihi. Niliuliza nani alikuwapo jana usiku. Walikuwa watu zaidi ya mia. Kuna mwenye bajaji ya bluu aliyekuwa nyuma yangu, na dada mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, aliyeondoka saa nne bila kupata kitu. Walimsikia mhudumu akisema yamekwisha, na wengine walimsikia yule bwana akinitajia babu yangu. Ninahitaji watu wawili tu.

Fundi wa Pampu:

Bodaboda, kidole hicho kinaachwa kwa sababu petroli hupanuka kwa joto. Ukijaza chupa mpaka mdomoni na kuiweka juani, itafumuka.

Bodaboda wa Muheza:

Basi itafumuka ikiwa kwangu, si kwake. Nijazie.