Fundi sauti ameondoka na kadi za sauti baada ya kutukanwa na mwongozaji, naomba ushauri

Mwana wa Pwani:
Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu. Mimi ni msaidizi wa mwongozaji katika filamu fupi tunayopiga Mikindani, Mtwara. Jana jioni, mwanga ukiwa unatuishia, fundi sauti alisimamisha tukio mara kadhaa kwa sababu injini za boti zilikuwa zikifunika maneno ya waigizaji. Mwongozaji, ambaye ni mtu mzima na ndiye aliyenifundisha kazi hii, alimtukana mbele ya kikosi kizima na wenyeji waliokuja kutazama. Fundi akafungasha vifaa vyake, akaondoka na kadi zenye sauti ya siku nzima, na anasema hatazirudisha mpaka aombwe radhi. Mtayarishaji yuko Dar es Salaam na ananihimiza niende polisi. Nifanye nini?

Mzee wa Lindi:
Marahaba mwanangu. Polisi waache kwanza, kwa sababu ukiwafikia leo, kesho hutakuwa na fundi wala kikosi chenye moyo wa kazi. Fundi alitimiza wajibu wake. Sauti iliyoharibiwa na injini haisafishiki kirahisi. Mwendee mwongozaji faraghani, umweleze hasara badala ya kumhukumu: kadi zisiporudi, mtabaki na sauti hafifu ya kamera, na waigizaji watalazimika kurudia maneno studioni wakiyalinganisha na midomo yao, kazi ngumu hata kwa wazoefu. Na kwa kuwa alitukana hadharani, radhi ya chumbani haitoshi. Aiseme asubuhi, kikosi kikiwa kimekusanyika kabla ya kazi kuanza.

Mama Utayarishaji:
Namheshimu mzee, ila kutukanwa hakumpi fundi haki ya kushikilia jasho la watu wote, na radhi ikiwa bei ya kadi haitakuwa radhi ya kweli. Mdogo wangu, tenganisha mambo hayo mawili. Mtafute mtu anayeheshimiwa na pande zote, aende leo kunakili sauti, na malalamiko ya fundi yaandikwe na kusainiwa ili asionekane amenyamazishwa. Kama ni mwajiriwa na ameachishwa kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea shauri la namna hiyo ndani ya siku 30, na madai mengine ya kikazi ndani ya siku 60. Tena, kuanzia sasa nakilini kila jioni kwenye diski mbili zinazotunzwa na watu tofauti. Nashangaa hilo halikuwa utaratibu wenu.

Mwana wa Pwani:
Nashukuru sana. Mpigapicha wetu anaelewana na wote wawili, nitamtuma yeye. Ila mwongozaji akikataa kuomba radhi?

Mama Utayarishaji:
Hapo si mzigo wako tena. Aliyewapa kazi wote wawili ni mtayarishaji, kwa hiyo apande basi aje Mtwara azungumze naye mwenyewe, na upigaji usimame mpaka afike.