Naomba ushauri: vidonda vya tumbo na mfungo wa Kwaresima

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mimi ni mwendesha bodaboda hapa Tororo, umri miaka 34. Tangu mwaka jana nina vidonda vya tumbo na nimekatazwa kukaa na njaa. Jumatano ya Majivu nilijikaza nikafunga. Saa nane mchana nikasimama kando ya barabara, abiria bado yuko nyuma, nikatapika maji machungu. Yule mama alinilipa nauli yote na kunipa ndizi mbili juu. Nikala ndizi hizo, majivu yakiwa bado kwenye paji la uso. Aibu niliyosikia!

Najua sheria ya kufunga inawahusu wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa anasamehewa. Padre naye aliniambia nile, nitafute sadaka nyingine. Nimeacha nyama Kwaresima nzima, lakini nyama kwangu ni mara moja kwa mwezi, sasa hapo nimetoa nini? Na kwenye jumuiya wapo wanaosema, "Kijana mzima hivi, unakula!"

Nimefikiria niwe naenda Njia ya Msalaba kila Ijumaa, vituo vyote 14. Ila ile ndiyo saa ya pesa pale steji, na karo ya watoto bado inadaiwa.

Naomba kuuliza: mwenye ugonjwa kama wangu ametoa sadaka gani iliyomgharimu kweli bila kuumiza familia? Na Ijumaa Kuu niwajibu nini wenzangu wakinikuta nakula?