Akina Mama wa Ukoo (Kibosho na Moshi Mjini)

Shangazi Manka: Wanangu, hamjambo. Nauliza humu kwa sababu wanaume hawamo. Tangu hedhi ikome nimekauka huko chini. Nikipanda daladala mpaka Kiboriloni nashuka nawaka moto, na usiku na baba yenu ndiyo usiseme. Mnajua nilitibiwa saratani ya titi, daktari akanikataza homoni. Sasa nimebaki na nini?

Aikande: Shikamoo shangazi. Pole jamani. Asante kwa kulitoa, wengi tunaumia kimya.

Shangazi Manka: Marahaba mwanangu.

Mama Glory: Mimi mwenzenu mume wangu alisema nimekauka kwa kuwa simtaki tena. Ilinikata maini.

Haika: Shikamooni wote. Ndiyo nimetoka zamu hospitalini. Mama Glory, mapenzi hayahusiki hapo. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka, ngozi ya ukeni inakuwa nyembamba, damu inayofika pale inapungua na ute unapungua. Hata asidi inayowazuia wadudu inapungua, ndiyo maana na UTI zinaanza kuandamana. Unaweza kumpenda mtu mpaka mwisho na bado ukakauka.

Haika: Shangazi, dawa gani unameza sasa?

Shangazi Manka: Anastrozoli, kila siku.

Haika: Basi hiyo nayo inachangia, maana kazi yake ni kuuzuia mwili usitengeneze estrojeni. Usiiache, nakuomba sana! Inakulinda. Huo ukavu tunautafutia njia nyingine, na njia zipo.

Neema: Mama mkwe anasema mafuta ya nazi yanatosha.

Haika: Wapo yanaowasaidia, ila yanaharibu kondomu za mpira, zinapasuka. Anayetumia kondomu asiyaguse, na mafuta ya mgando hivyo hivyo. Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo wengi tunapochanganya. Kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kilainishi, jeli unayopaka muda ule ule wa tendo, wewe na mzee wote wawili. Kazi yake inaishia hapo. Cha pili ni jeli ya kutunza unyevu. Hii unaiweka ndani kila baada ya siku mbili au tatu, hata kama mume yuko safarini. Inang'ang'ania kwenye ngozi na kushika maji. Nyingine zina asidi ya hayaluroniki, nyingine polikabofili. Hakuna homoni humo. Shangazi, kinachokuchoma kwenye daladala kinahitaji hii ya pili. Wengi wanapewa kilainishi peke yake, wanarudi wanasema dawa haifanyi kazi.

Shangazi Manka: Mimi nilinunua jeli famasi, ikanichoma kama pilipili. Nikaitupa.

Haika: Ungekuwa nayo ningekwambia ugeuze boksi usome viungo. Jeli yenye glisarini nyingi inaivuta maji ngozi yenyewe, halafu inachoma. Nguvu hiyo ya kuvuta maji ina kipimo chake, osmolaliti; WHO, Shirika la Afya Duniani, inataka isizidi 1,200 (mOsm/kg), na vizuri zaidi iwe chini ya 380, ila boksi nyingi haziandiki. Kwa hiyo mwambie mfamasia unataka ya maji, isiyo na manukato, isiyo na ladha, isiyo ya "kupasha joto". Jaribu kidogo kwanza kwenye ngozi ya nje. Ya silikoni nayo inateleza muda mrefu na haivuti maji. Halafu ipe wiki kadhaa, usihukumu siku ya tatu.

Haika: Na sabuni, dettol, shabu, majani ya kujifukiza, yote yaacheni. Maji matupu nje, ndani msiguse. Naona wanaofika wamechubuka, ukiuliza anasema alikuwa anajisafisha.

Neema: Kuna kliniki imetuma tangazo la leza, eti unarudi usichana. Wana ofa mwezi huu.

Haika: Usilipe hata senti. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa onyo mwaka 2018 kuhusu mashine hizo kutangazwa kwa kazi hii. Wapo walioungua, wakapata makovu na maumivu ya kudumu.

Aikande: Vidonge je?

Haika: Kuna ospemifeni, kidonge cha kila siku. Marekani walikiidhinisha 2013. Si estrojeni, lakini ukeni kinafanya kazi kama yake. Kinaweza kuleta joto la ghafla na damu kuganda, na kwao aliyewahi kuwa na saratani ya titi hapewi. Kuna na prasteroni ya kuweka ukeni usiku, waliyoiidhinisha 2016, ila mwili unaigeuza kuwa homoni palepale. Kwa hiyo shangazi, hizo mbili usizianze bila daktari wako wa saratani.

Haika: Jambo moja limebaki. Mtu akishaumia mara nyingi, misuli ya nyonga inajikaza yenyewe kabla hata hajaguswa. Jeli peke yake hailegezi hiyo. Omba rufaa ya fiziotherapia. Na mzee aelezwe asiharakishe.

Shangazi Manka: Nimemsomea yote. Amesema tusubiri mpaka nipone, haraka ya nini.

Aikande: Mungu ambariki baba.

Mama Glory: Haika, mimi hedhi yangu ilikoma mwaka juzi. Wiki iliyopita nimeona matone kwenye kanga. Nikadhani imerudi.

Haika: Mama Glory, damu baada ya mwaka mzima bila hedhi lazima ipimwe. Inaweza kuwa ukavu tu umechubua, inaweza kuwa kinyama kilichoota ndani, au saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko. Kwa macho hatujui. Usiweke jeli wala dawa yoyote, nenda kesho hospitali ya Mawenzi.

Mama Glory: Kesho ni siku ya soko.

Shangazi Manka: Ndizi zako nitauza mimi.

Aikande: Nakupitia saa moja asubuhi mama. Beba kadi ya bima, na hiyo kanga usiifue.

Mama Glory: Sawa. Nitakuwa nje getini.

Haika: Nipigieni mkimaliza kumwona daktari, hata kama niko zamu.