Gorogoro iliyobonyea na sadaka ya mavuno: Amosi anakataa nini hasa?

mama_nafaka_mld

Hamjambo nyote. Naomba mnisaidie kuelewa, maana tangu Jumatano usingizi haunijii.

Nauza nafaka sokoni hapa Malindi: mahindi, kunde, pojo, maharagwe. Meza niliachiwa na mama mkwe, pamoja na gorogoro yake, kopo la kupimia nafaka, ambayo kitako kimebonyea kwa ndani. Nimeitumia miaka sita na sitasema sikujua. Nilijua. Mteja akinung'unika namwongezea kiganja, yanaisha.

Jumatano, kwenye ushirika wa akina mama, tulisoma Amosi sura ya 8. Wenye nafaka wanauliza mwezi mwandamo utapita lini na sabato itakwisha lini wapate kuuza, huku wamepunguza efa, kipimo cha nafaka, na kuongeza shekeli, na takataka za ngano nazo wanauza. Wenzangu waliendelea kusoma, mimi nikabaki hapo hapo. Jioni niliazima mizani kwa jirani nikapima. Gorogoro ninayouza kama kilo mbili inabeba kilo moja na robo tatu.

Jumapili ijayo ni sadaka ya mavuno. Kila mwaka mimi hutoa gunia la mahindi, na hutajwa mbele ya watu. Sasa nimerudi sura ya 5 nikakuta Mungu anasema anazichukia sikukuu zao, sadaka zao hazitaki, na kelele za nyimbo zao ziondolewe. Nabii anafuta ibada yenyewe? Gunia nilipeleke au nibaki nalo?

msomaji_wa_tekoa

Shikamoo mama. Asante kwa kusema wazi.

Nikupeleke kwanza kwenye soko la wakati ule, maana hapo ndipo penye uzito. Sarafu hazikuwapo bado. Shekeli ilikuwa kipimo cha uzito, kama gramu 11, na fedha ilipimwa kwa mawe ya mizani. Jiwe la muuzaji likiwa zito kuliko haki, mnunuzi anatoa fedha zaidi. Efa ikiwa ndogo, anapokea nafaka pungufu. Anapunjwa akitoa na akipokea. Tena anayeumia ni mtu wa kununua chakula cha siku, kwani mwenye ghala lake hanunui kwa kipimo. Ndiyo maana maneno yanayofuata ni maskini kununuliwa kwa jozi ya viatu. Deni dogo lilimfikisha mtu utumwani.

Amosi alikuwa mfugaji wa Tekoa, kusini mwa Bethlehemu, na mtunza mikuyu. Alivuka mpaka akasema haya Betheli, patakatifu pa mfalme, enzi za Yeroboamu wa pili, karne ya 8 kabla ya Kristo, nchi ya kaskazini, yaani Israeli, ikiwa na neema tele. Kuhani Amazia akamwambia arudi Yuda akale mkate wake huko. Na angalia: watu wale sabato waliishika! Maduka yalifungwa. Hilo ndilo linalonitisha mimi.

Kisha ule mstari wa 5:24, "hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu." Kwa Kiebrania ni mkondo usiokauka. Wewe wa Malindi huhitaji ufafanuzi: kuna makorongo yanayojaa masika tu, na kuna Sabaki, inayoingia baharini mwaka mzima. Haki ya siku ya sadaka peke yake ni korongo.

kijana_wa_barani

Mama, usipeleke kitu. Hosea 6:6, Mungu ataka fadhili wala si sadaka. Yeremia 7:22, anasema siku alipowatoa Misri hakuwaamuru habari za sadaka za kuteketezwa. Manabii walikwisha kumalizana na madhabahu.

mwalimu_mstaafu

Hapana mwanangu, hapo umekimbia. Soma Isaya 1. Mungu amechoka na mafuta ya wanyama na uvumba, sawa, lakini mstari wa 15 anakataa pia maombi yao, kwa kuwa mikono yao imejaa damu. Utasema Isaya alifuta maombi? Isaya huyo huyo aliitwa akiwa anaona hekalu, na kaa la moto lililogusa midomo yake lilitoka madhabahuni. Malaki naye aligombeza makuhani kwa kutoa wanyama vipofu na vilema, yaani alitaka sadaka safi, hakuifuta.

Dada, fungua Mambo ya Walawi 6, kitabu cha makuhani wenyewe. Aliyemdhulumu jirani yake anarudisha kitu kizima, anaongeza sehemu ya tano, ndipo analeta kondoo dume wa hatia. Aliyedhulumiwa anapokea kwanza, madhabahu baadaye. Sidhani kama Amosi na makuhani waaminifu walikuwa na ugomvi juu ya hilo. Gunia lako halina ubaya. Limetangulia tu wenye haki yao.

bint_shela

Jirani, mimi ni Muislamu, naingia kidogo tu. Sura ya 83 kwetu inaanza na ole wao wapunjao, wanaodai kipimo kamili wakipokea na kupunguza wakiwapimia wengine. Nabii Shuaibu aliwaonya watu wa Madiani jambo hilo hilo.

Na nikwambie kama mnunuzi, robo kilo haionekani sokoni. Huonekana jioni, sima inapomfikia mtoto wa mwisho.

mama_nafaka_mld

Nimesoma yote. Hilo la mtoto wa mwisho limeniliza.

Wateja wa mkopo wamo daftarini, najua kila mmoja alichukua gorogoro ngapi. Nimeanza hesabu, robo kilo kwa kila gorogoro na sehemu ya tano juu yake. Lakini wapita njia? Watu wa miaka sita nitawapata wapi?

mwalimu_mstaafu

Hesabu 5:8. Aliyedhulumiwa asipokuwa na jamaa wa kulipwa, malipo ni ya Bwana, apewe kuhani. Ukifika na gunia, mwambie mchungaji hiyo ni deni, isitajwe kama zawadi, na igawiwe wanaonunua kwa kibaba.

mama_nafaka_mld

Nimeongea naye leo. Jina langu halitasomwa. Magunia ni mawili, maana moja halikufikia hesabu niliyoipata, na hilo la pili nitalilipa kidogo kidogo hadi Disemba.

Gorogoro mpya nimenunua. Ile ya mama mkwe nimeitoboa kitako kwa msumari. Kesho asubuhi naanza na mzee mmoja wa Maweni, ndiye wa kwanza daftarini.