Plazma seli haionekani kwenye flo, kwenye vioo ipo. Nilegeze geti?

Chembechembe: Wakuu, heshima yenu. Niko uzamili, natafuta seli za plazma kwenye uboho wa mgonjwa wa mayeloma (saratani ya seli hizo) kwa saitometa ya mtiririko, yaani flo, mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya leza. Kwenye vioo vya darubini mpatholojia kahesabu 4%, flo inanipa 0.02%. Geti, yaani mpaka ninaochora kuchagua seli za kuhesabu, ni CD38 kali pamoja na CD138 (alama za juu ya seli). Nikililegeza la CD138 zinajaa. Ripoti ni Ijumaa.

Fundi Darubini: Sampuli ilikaa muda gani kabla ya kutiwa kingamwili za rangi zinazonasa alama hizo?

Chembechembe: Si sana. Ilikuwa kwenye EDTA, ile dawa ya kuzuia damu isigande.

Mama Kulwa: Mdogo wangu alichomwa sindano ile ya nyonga, alilia mpaka nesi akamshika mkono. Nyie mnacheza na mageti tu. Mwogopeni Mungu.

Kibarua wa Leza: Umerekodi seli ngapi?

Chembechembe: Elfu 50. Foleni ya mashine ni ndefu.

Kibarua wa Leza: 0.02% ya hizo ni vidoti 10, huo ni uchafu tu. Anayesaka seli moja katika laki, akitaka kundi la vidoti 20, anarekodi milioni 2.

Fundi Darubini: Swali langu liko palepale.

Chembechembe: Haya. Ilitolewa Ijumaa jioni, nikaitia Jumatatu. Lakini friji ilikuwa nzima, na mchoro wa geti legevu msimamizi ameshauona, kaupenda.

Fundi Darubini: Sampuli ikichelewa CD138 inapukutika, seli zinakufa, na seli mfu inanasa kingamwili yoyote. Geti lako legevu huenda limejaa maiti. Tia rangi ya seli mfu, ondoa zilizogandana, anza na CD38 na CD45. Na mvuto wa kwanza wa sindano ulikwenda wapi?

Chembechembe: Kwenye vioo. Mimi nilipewa wa tatu.

Fundi Darubini: Basi umepima damu, uboho kidogo.

Pweza wa Kijiweni: Chai hii! ID ya jana, mashine ya leza, sampuli inalala wikendi nzima. Lete picha.

Chembechembe: Ina namba ya mgonjwa.

Pweza wa Kijiweni: Ziba.

Chembechembe: *[picha]*

Mama Kulwa: Mbona kama mchele uliomwagika?

Pweza wa Kijiweni: Na hicho cheusi pale kona ndiyo plazma yenyewe?

Chembechembe: Hapana mkuu, hilo ni doa la skrini.