Boom limesoma

*Kikundi: Nyumba ya Bibi*

Neema: Shikamooni wote. Juzi nilisaini kwa kidole, leo asubuhi boom limesoma, hela ya mkopo wa chuo ya kujikimu imeingia 🙏

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mungu mkubwa.

Baba Mdogo: Marahaba. Sasa nitupie laki na nusu ya mbolea, tukivuna nakurudishia.

Frank: Shikamoo baba mdogo. Mbolea tena?

Baba Mdogo: Marahaba. Si hela ya serikali hiyo? Mbona mkali.

Frank: Ya serikali ndiyo, ila ni deni. Mimi Bodi ya Mikopo wananikata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye 900,000 hapo 135,000 imeshaondoka kabla sijaigusa, kila mwezi. Na zamani kulikuwa na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, unalipa huku deni linapanda. Mama Samia alipoifuta 2021 ndiyo nikaanza kuona linashuka.

Baba Mdogo: Kumbe! Nilijua ukishavaa joho limeisha.

Frank: 😂😂 Joho ndiyo linaanza.

Neema: Baba mdogo, elfu 10 kwa siku, siku 60, ni laki sita. Kodi ya geto miezi miwili laki moja. Nikikupa laki na nusu nabaki na elfu tano na mia nane kwa siku, humo kuna kula, maji, LUKU, bando na fotokopi. Wali maharage hapa getini 2,000, nyama sijaitaja.

Shangazi Rehema: Usiguse hiyo hela mtoto wangu.

Neema: Mwenzangu wa geto muhula uliopita alinunua simu wiki ya kwanza. Wiki ya tano anakopa kwenye hiyohiyo simu, akope huku alipe kule. Mihogo mchana, mihogo usiku.

Baraka: Shikamooni. Dada, mimi nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Eti kaya ikiwa TASAF, ule mpango wa kaya maskini, mkopo unapata moja kwa moja?

Neema: Moja kwa moja hakuna, ila namba ya TASAF ijaze, inabeba. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wale wa vizazi na vifo, sasa hivi, dirisha la maombi likifunguliwa kila mtu anakimbilia huko. Majina yako yanafanana kote?

Baraka: Cha kuzaliwa Baraka Joseph, cha kidato cha nne Baraka Yosefu.

Neema: Ndiyo vitu vinavyoangusha watu hivyo. Usijaze chochote kwanza, nenda kwa mwanasheria ukaulizie kiapo cha majina.

Baraka: Na Samia Skolashipu? Ile si hairudishwi?

Frank: Hairudishwi, lakini ni ya waliong'ara sayansi. Wewe na HGL yako, historia, jiografia na Kiingereza, wapi na wapi 😂

Shangazi Rehema: Muache mtoto. Baraka, ile elfu 30 ya maombi naitoa mimi. Nikusikie umebetia!

Baraka: Asante shangazi, sibeti mimi.

Frank: Na ukikosa mkopo usikae kulia, rufaa ipo. Kuna rafiki yangu alipata kwa rufaa.

Baba Mdogo: Haya, mbolea nitaongea na ushirika.

Neema: Baba mdogo nakutumia elfu 20. Siyo ya kurudisha.

Baba Mdogo: Ubarikiwe mwanangu. Weka na ya kutolea.